Ukuta wa Kuzuia Udongo: Kwanza Njia ya Maji

Katika Arua, mji ulio kwenye nchi ya juu ipatayo mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, mvua kubwa za Agosti hadi Oktoba ndizo zinazokagua kazi ya fundi. Aliyekata mteremko ili apate kiwanja cha sawa hulala akisikiliza udongo. Na ikiwa baba yuko kazini mbali, kambini au kituoni, mama na watoto ndio wanaolala chini ya ukuta huo.

Wengi hudhani kwamba ukuta huanguka kwa sababu saruji ilikuwa kidogo. Aghalabu uangushaji huo ni wa maji. Mvua ikizama nyuma ya ukuta usio na mahali pa kuitoa, udongo huwa mzito na maji nayo husukuma, mpaka ukuta mzuri uliopigwa lipu hupasuka na kulala. Ndiyo maana fundi mwenye busara huuliza kwanza maji yatapita wapi, ndipo aulize fedha zilizopo.

Kwa bustani na ua, mawe yaliyopangwa bila saruji yanastahili sifa kuliko yanazopewa, kwa kuwa maji hupenya kati yake. Ukuta wa mita 1 upewe kitako cha upana wa sentimita 50 hivi, uanzie ndani ya ardhi, na uegemee mteremko badala ya kusimama wima kama mlingoti wa bendera. Mawe makubwa yawe chini, na kila jiwe likae juu ya maungio ya mawili yaliyo chini yake. Nyuma zijazwe kokoto.

Matofali ya kuchoma hupendeza, na Koboko kama Arua hupatikana karibu. Lakini lisiloiva humomonyoka kwa unyevu, tena tanuri hula miti mingi mno. Anayeyatumia, au anayejenga mawe kwa saruji inayosafirishwa kutoka mbali kama Tororo, aache matundu ya kutolea maji karibu na kitako, kila baada ya mita moja na nusu. Nguzo za mkaratusi ni rahisi, ila mchwa hawakawii.

Ukuta upitao mita 1, au wenye nyumba juu yake, haufai kukisiwa, aitwe mhandisi. Penye mteremko mdogo pengine ukuta hauhitajiki kabisa: matuta mawili matatu yaliyopandwa mchaichai kingoni hushika udongo, na chai ya jioni hupata kiungo.