Zawadi za Kadi na "Ya Kutolea": Hesabu Kamili ya Mnunuzi na Msafiri

Kadi ya mkopo ni kadi ya benki inayomwezesha mwenye nayo kununua leo kwa fedha za benki na kuzirejesha baadaye, tofauti na kadi ya kawaida, ambayo huchota akiba ya mteja mwenyewe papo hapo. Katika nchi ambako kadi za namna hiyo zimeenea, benki hushindana kuwavuta wateja kwa zawadi: sehemu ya fedha ya manunuzi inayorudishwa, pointi zinazobadilishwa kuwa tiketi za ndege, bima ya safari, na nafasi ya kupumzika katika kumbi maalumu za viwanja vya ndege. Mashindano hayo yamefika Tanzania pia, lakini yamewakuta watu wanaolipa kwa njia nyingine. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 72 ya watu wazima nchini walitumia huduma za fedha kwa simu, ilhali waliotumia benki walikuwa asilimia 22. Kwa mkazi wa Tandika, Mbagala, Tandale au Tegeta jijini Dar es Salaam, basi, kulinganisha kadi kwa kadi hakutoshi. Inampasa aweke katika mizani moja kadi ya mkopo, kadi ya kawaida, malipo ya simu, fedha taslimu na hata daftari la madeni la muuza duka, kwa kuwa kila njia ina faida yake na makato yake.

Kipimo kinachofaa kwa njia zote hizo ni kimoja. Zawadi ni sehemu ya makato iliyomrudia mteja baada ya mtu fulani kulipa. Kwa hiyo anayetaka kujua kama ofa ina manufaa hana budi kuhesabu kwanza kinachotoka mfukoni mwake kwa mwezi mzima, ndipo ahesabu kinachorudi.

Zawadi hutoka wapi

Kadi ya Diners Club, iliyoanzishwa New York mwaka 1950, ilikuwa ya kulipia chakula migahawani bila kubeba fedha, na mwaka 1958 Bank of America ilisambaza kadi zake za mkopo katika mji wa Fresno, California, mpango ambao mwaka 1976 ulipewa jina la Visa. Zawadi zilikuja baadaye. Shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mwaka 1981 mpango wa kuwahesabia abiria maili walizosafiri ili wazibadilishe kuwa tiketi, na mwaka 1986 kadi ya Discover ikaja na utaratibu wa kumrudishia mteja sehemu ndogo ya fedha alizonunulia.

Utaratibu huo unaeleweka mtu akifuatilia shilingi mia moja inavyosafiri. Mteja anapochanja kadi dukani, muuzaji hapokei mia kamili, kwa sababu benki yake hukata asilimia fulani, na sehemu kubwa ya makato hayo hupelekwa kwa benki iliyotoa kadi, ambayo huchukua humo humo kiasi kidogo na kumpa mteja kikiitwa zawadi. Muuzaji naye, ili asipate hasara, huingiza makato hayo katika bei ya bidhaa, na bei hiyo hulipwa pia na yule aliyekuja na noti mkononi na asiyepata pointi yoyote. Ushahidi wa uhusiano kati ya makato na zawadi uko Ulaya: mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa ada inayolipwa kati ya benki na benki, asilimia 0.2 kwa kadi za kawaida na 0.3 kwa kadi za mkopo, na tangu hapo zawadi za kadi huko zimekuwa hafifu zikilinganishwa na zile za Marekani, ambako ada kwa muuzaji ni kubwa zaidi.

Tanzania ina mfano wake wa zawadi ambayo chanzo chake kilionekana wazi. Fedha ambazo wateja huweka katika akaunti za simu hutunzwa benki kwenye akaunti ya amana, yaani akaunti inayoshikwa kwa niaba ya wateja wenyewe, na akaunti hiyo huzaa faida. Mwaka 2014 kampuni ya Tigo, ambayo huduma yake ya Tigo Pesa sasa inaitwa Mixx by Yas, ilianza kugawa faida hiyo kwa watumiaji, ikifungua kwa takriban shilingi bilioni 14. Mteja aliyepokea mgawo huo alikuwa akipokea matunda ya salio lake mwenyewe. Kampeni za bahati nasibu za kuhimiza malipo kwa kadi, kama MastaBata ya benki ya NMB, ni za aina nyingine, kwani zawadi yake ni kubwa kwa wachache wanaochaguliwa na ni sifuri kwa wengine wote. Mwenye busara huihesabu kama nyongeza ya bahati wala haifanyi kuwa sababu ya kununua.

Mezani kwa muuzaji

Katika masoko kama la Tandika, muuzaji aliyejisajili kwa malipo ya kibiashara hubandika karatasi yenye Lipa Namba, wakati mwingine namba tatu au nne za mitandao tofauti, na mnunuzi huingiza namba hiyo, kiasi na neno la siri. Makato ya malipo ya aina hii kwa kawaida humwangukia zaidi muuzaji, ingawa baadhi ya malipo, hasa yanayovuka mtandao mmoja kwenda mwingine, humgusa mnunuzi pia. Asiyejisajili hupokea kwa namba yake ya kawaida, na hapo ndipo husikika maneno ambayo kila mnunuzi wa jiji hili anayajua: "Dada, weka na ya kutolea." Maana yake ni kwamba mnunuzi alipe bei ya bidhaa, alipe makato ya kutuma, kisha aongeze kiasi ambacho muuzaji atakatwa na wakala siku atakapozitoa fedha hizo. Bidhaa ile ile, siku ile ile, imekuwa na bei mbili kwa sababu ya njia ya kulipia tu.

Fedha taslimu nazo si bure kama zinavyodhaniwa, kwa kuwa mwenye mshahara benki au salio kwenye simu amekatwa alipozitoa. Anayetoa kidogo kidogo mara tano kwa juma hukatwa mara tano, na kwa kuwa makato hupangwa kwa madaraja ya viwango, jumla ya makato ya miamala midogo mingi mara nyingi huzidi ya muamala mmoja mkubwa. Bandu bandu huisha gogo. Somo hili liliingia kila nyumba tarehe 15 Julai 2021, serikali ilipoanza kutoza tozo ya miamala ya simu ya kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, na malalamiko ya wananchi yakawa makubwa kiasi kwamba ndani ya miezi miwili tozo hiyo ilipunguzwa kwa asilimia 30, kabla ya kupunguzwa tena katika miaka iliyofuata.

Serikali hiyo hiyo imetoa baadaye nafuu ambayo kwa mnunuzi wa kawaida inazidi zawadi nyingi za kadi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ilishusha Kodi ya Ongezeko la Thamani kutoka asilimia 18 hadi 16 Tanzania Bara, kwa mnunuzi asiyesajiliwa kwa kodi hiyo anayelipa kwa njia ya benki au ya kielektroniki. Bidhaa ambayo bei yake kabla ya kodi ni shilingi 100,000 huuzwa 118,000 kwa taslimu na 116,000 kwa malipo hayo. Nafuu hapo ni ya shilingi 2,000, ilhali kadi inayorudisha asilimia moja ingerudisha shilingi 1,160. Nafuu hiyo hupatikana kwa muuzaji aliyesajiliwa tu, na usajili ni lazima kwa mwenye mauzo yanayofikia shilingi milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo genge la mtaani halimo. Katika maduka makubwa mnunuzi adai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, na aisome, aone kama kodi iliyoandikwa ni 16, kwani punguzo lisiloonekana kwenye risiti halijamfikia.

Deni na thamani ya siku

Kadi ya mkopo ina faida moja ya kweli inayozidi pointi: kipindi kisicho na riba. Benki hukusanya manunuzi ya mwezi, hutuma taarifa ya deni, na humpa mteja siku kadhaa za kulipa. Akilipa deni lote ndani ya siku hizo, ametumia fedha za watu bila kutozwa riba. Tatizo huanzia kwenye kiasi kinachoitwa malipo ya chini, yaani sehemu ndogo ya deni ambayo benki huridhika nayo ili mteja asihesabiwe kuwa mdaiwa sugu. Tuseme kadi inarudisha asilimia moja na riba yake ni asilimia 3 kwa mwezi. Aliyenunua vitu vya shilingi 500,000 amepata zawadi ya shilingi 5,000; akilipa 50,000 tu na kubakiza 450,000, riba ya mwezi unaofuata ni shilingi 13,500, na zawadi imemezwa karibu mara tatu. Ada ya mwaka nayo ihesabiwe hivyo hivyo: kadi yenye ada ya shilingi 60,000 humtaka mteja anunue vitu vya shilingi milioni 6 kwa mwaka, sawa na 500,000 kila mwezi, ili zawadi ya asilimia moja ifidie ada peke yake. Anayetoa fedha taslimu kwenye mashine kwa kadi ya mkopo hupoteza zaidi, kwa sababu mara nyingi hutozwa ada ya kutolea na riba huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo.

Wakazi wengi wa wilaya za Temeke na Kinondoni hupata mkopo wa muda mfupi kwingine. Huduma kama Songesha ya M-Pesa humjazia mteja salio pungufu ili muamala wake ukamilike, nayo hudai ada ambayo ikilinganishwa na udogo wa fedha na uchache wa siku huweza kuwa nzito kuliko riba ya benki. Mfanyabiashara mdogo huchukua mzigo kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya mdomo kwamba atalipa akishauza, na riba yake hufichwa kwenye bei ya jumla iliyopandishwa. Chini kabisa iko mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu, na jina hilo linatosha kuieleza. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na msemo huo unaihusu kadi yenye nembo ya dhahabu sawasawa na unavyolihusu daftari la dukani, isipokuwa kwamba kumbukumbu za mkopaji wa benki hupelekwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu na humfuata mkopaji kila anakokwenda kukopa tena.

Msafiri na mashine ya ugenini

Ndani ya nchi, kanuni za Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei kwa fedha za kigeni, kwa hiyo suala la kubadili fedha humkabili mnunuzi anapovuka mpaka au anapolipia hoteli na tiketi kwenye mitandao ya nje. Mfanyabiashara wa viatu wa Mbagala anayekwenda Dubai kununua mzigo hukutana na makato ya ngazi tatu: ada ya muamala wa kigeni, tofauti kati ya bei ya soko ya fedha na bei ambayo benki imemkokotolea, na, akitumia mashine ya kutolea fedha, ada ya kila anapotoa. Ikiwa makato hayo yanafika asilimia 3, mzigo wa shilingi milioni 3 umemgharimu shilingi 90,000 za ziada, wakati pointi za asilimia moja zina thamani ya 30,000. Mashine ya dukani inaweza pia kumuuliza kama anataka kulipa kwa shilingi au kwa dirhamu. Shilingi humvutia kwa sababu anaielewa, lakini akiichagua, ubadilishaji hufanywa na upande wa muuzaji, mara nyingi kwa bei mbaya zaidi; kwa kawaida iliyo nafuu ni kuchagua fedha ya nchi aliyopo.

Yapo mambo ambayo kadi ya mkopo humfaa msafiri kwelikweli. Hoteli nyingi huzuia kiasi fulani cha fedha kama dhamana hadi mgeni aondoke. Kwa kadi ya kawaida zinazozuiwa ni fedha zake halisi, naye anaweza kukwama katikati ya safari, ilhali kwa kadi ya mkopo kinachopungua kwa muda ni ukomo wa kukopa. Bima ya safari nayo ina thamani, mradi masharti yasomwe, kwa maana nyingi hufanya kazi pale tu tiketi yenyewe iliponunuliwa kwa kadi hiyo. Ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege ni starehe, na anayesafiri mara moja kwa mwaka ataigawanya ada yote ya kadi kwa kiti kimoja cha saa mbili. Maili za ndege, kwa upande wao, hazihitaji kadi ya mkopo: mipango kama Skywards ya Emirates na ShebaMiles ya Ethiopian Airlines hujiungwa bure, na abiria huhesabiwa maili kwa tiketi anayonunua hata akiilipia kwa taslimu. Aendaye Guangzhou aangalie pia mtandao wa kadi yake, kwa kuwa UnionPay, ulioanzishwa China mwaka 2002, ndio unaopokelewa kwa wingi huko, na maduka mengi hulipwa kupitia programu za Alipay na WeChat Pay, ambazo sasa huweza kuunganishwa na kadi za kigeni.

Haki ya kuuliza

Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mlaji wa huduma za fedha, zilizotolewa mwaka 2019, zinawataka watoa huduma waeleze ada na masharti yao kwa uwazi, na haki hiyo haina faida kwa asiyeitumia. Kabla ya kupokea kadi, mteja aombe orodha ya makato kwa maandishi: ada ya mwaka, riba ya mwezi, siku zisizo na riba, ada ya muamala wa kigeni, ada ya kutoa taslimu na adhabu ya kuchelewa. Kisha aandike kwa mwezi mmoja kila alichokatwa kwenye simu na benki, pamoja na kila "ya kutolea" aliyoongeza sokoni, kwa sababu jumla hiyo ndiyo itakayomwonyesha kama anahitaji kadi mpya au anahitaji tu kulipa kwa Lipa Namba na kutoa fedha mara chache zaidi. Anayelipa deni lake lote kila mwezi na anayesafiri mara kwa mara ataona kadi ya mkopo inamlipa. Kwa familia inayoishi kwa mapato ya siku, zawadi iliyo karibu zaidi ni makato ambayo haikukatwa.