Imani Winds na Mzee Shorter

Ukilitaja jina la Imani Winds hapa Dar es Salaam, wengi watadhani ni kwaya ya mtaa wa jirani. Sivyo. Ni kundi la wapulizaji watano lililoanzishwa mjini New York mwaka 1997 na Valerie Coleman, mpiga filimbi na mtunzi, Mmarekani mweusi. Na "imani" hiyo ni hii yetu ya Kiswahili. Neno hili linajulikana kwa Wamarekani weusi kwa njia ya Kwanzaa, sikukuu iliyoasisiwa mwaka 1966, ambayo nguzo zake saba zote zina majina ya Kiswahili, imani ikiwa ya mwisho. Coleman alitaka watu wa asili ya Afrika na Amerika ya Kilatini waonekane katika muziki wa klasiki wa Ulaya, uwanja ambao sura zao zilikuwa chache mno.

Vyombo vyao ni filimbi, klarineti, baragumu la shaba lililokunjwa, obo na basuni. Hivyo viwili vya mwisho ni ndugu wa nzumari ya pwani yetu, kwa kuwa navyo hutoa sauti kwa vipande viwili vya tete vinavyotetemeka mdomoni.

Ninalotaka kulieleza wiki hii ni kazi waliyoifanya na Wayne Shorter, mtunzi mkongwe wa jazz. Niseme mapema kwamba simaanishi jazz ya Western Jazz, Kilwa Jazz au Morogoro Jazz. Bendi zetu hizo zilibeba jina, lakini mwendo wao ulikuwa wa rumba na mitindo yake. Katika jazz ya Marekani mpigaji huupitia wimbo uliokubaliwa, kisha huutunga upya papo hapo mbele ya watu.

Shorter alizaliwa Newark, New Jersey, mwaka 1933. Alipiga saksafoni na kutunga katika kundi la Art Blakey, akaingia kwa Miles Davis mwaka 1964, na mwaka 1970 akawa mmoja wa waasisi wa Weather Report. Mwingine angestaafu na heshima zake. Yeye, akiwa anakaribia miaka 70, aliunda kundi jipya la watu wanne pamoja na Danilo Pérez wa piano, John Patitucci wa besi na Brian Blade wa ngoma. Vijana hao walikuwa hawajui jioni itawapeleka wapi, na mzee hakutaka wajue.

Sasa tazameni ugumu ulipo. Mpulizaji wa klasiki ana karatasi mbele yake. Kila nota imeandikwa, na hata mahali pa kuvuta pumzi pamepangwa katika mazoezi. Mweke jirani na watu wanne wanaoweza kukata kona wakati wowote. Wakipotelea porini kwa dakika kumi, yeye ataingia wapi? Na akishikilia karatasi yake bila kulegeza, wale wanne wamefungwa kamba.

Njia ya zamani ilikuwa kugawana kazi. Charlie Parker aliporekodi na fidla mwaka 1949, alibuni huku na huko kama ndege, nazo fidla zikawa godoro la kumlalia. Ni nzuri kusikiliza, lakini mazungumzo hayakuwapo. Mwaka 1972 Ornette Coleman alirekodi London na okestra kubwa ya mji huo, London Symphony, na kanuni za chama cha wanamuziki wa Uingereza zikamzuia kuwaingiza wenzake wa jazz. Akabaki peke yake mbele ya bahari ya fidla.

Tena kulikuwa na suala la cheo. Mwaka 1965 majaji wa muziki wa tuzo ya Pulitzer walipendekeza Duke Ellington apewe heshima maalumu, bodi ikakataa. Tangu hapo, na hata kabla, wako wanaoamini kwamba jazz ikisimama kando ya fidla ndipo inapokuwa muziki wa watu wazima. Mimi sioni hivyo, na kazi ya Shorter inanipa nguvu ya kusema hivyo.

Mwaka 2006 aliwaandikia Imani Winds kipande kiitwacho Terra Incognita, yaani nchi isiyojulikana. Kisha akawaunganisha na kundi lake, wakawa watu tisa, wakapiga Pegasus, farasi mwenye mabawa wa hadithi za Wayunani. Kipande hicho kina urefu wa zaidi ya dakika 20, nacho kimo katika albamu ya mwaka 2013 iitwayo Without a Net. Jina hilo latoka kwenye sarakasi: mtu anaruka juu, na chini hakuna wavu. Humo wapulizaji watano hawakuwekwa wawe godoro. Wanauliza, wanakatiza, wanamsukuma mzee, naye anawajibu kwa saksafoni yake nyembamba. Mahali fulani mmoja wa wapigaji anasikika akipaza sauti kwa mshangao, na haikufutwa.

Pegasus ilirudi mwaka 2018 katika albamu ya Emanon, safari hii pamoja na Orpheus, okestra ya New York ya watu 34 isiyo na kondakta. Sisemi kondakta wa daladala, nasema yule anayesimama mbele na kijiti. Katika Orpheus uongozi huzunguka, na wakati wa mazoezi mmoja hushuka ukumbini akasikilize wenzake wanavyosikika. Watu waliozoea kutegemea masikio namna hiyo hawatishiki sana ngoma za Blade zinapobadili njia. Emanon ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2019, na ilistahili. Hata hivyo, mkiniuliza nichague, nitachukua Pegasus ya watu tisa. Wale 34 ni wazito kidogo kwa farasi wa kuruka.

Shorter alifariki Los Angeles tarehe 2 Machi, 2023, akiwa na miaka 89. Februari ya mwaka uliofuata Imani Winds walipata Grammy yao ya kwanza, kwa kazi ya Jeff Scott, mpiga baragumu aliyekuwa nao tangu siku za Terra Incognita. Kazi hiyo imewaweka Bach na John Coltrane meza moja.