Kuunda Bendi: Vyombo ni vya Nani?

Tuseme leo umepokea barua kutoka kwa mdogo wako aliye Nalasi, wilayani Tunduru. Anakuomba fedha za gitaa. Yeye na wenzake wanne wamekusudia kuunda bendi ya roki, isiyo ya shirika wala ya tajiri. Utamjibu nini?

Usikimbilie kumwita mhuni. Kujiundia bendi si jambo geni katika Mkoa wa Ruvuma. Wazee walicheza mganda kwa kuiga bendi za kijeshi, na walipokosa tarumbeta walipuliza vibuyu. Mijini nako, Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932 na Morogoro Jazz mwaka 1944, zamani kabla ya mashirika kuwa na bendi.

Mambo yalibadilika baada ya Uhuru. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kiliunda NUTA Jazz, na mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara. Hilo lilikuwa jambo jema kwa mtu mwenye mke na watoto. Lakini vyombo vilikuwa vya mwajiri; aliyeondoka aliondoka mikono mitupu. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ililazimika mwaka 1983 kuhamia DDC.

Wako waliochagua njia nyingine. Patrick Balisidya aliunda Afro 70 mwaka 1970. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, akaanzisha Super Volcano. Alipofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, bendi hiyo ilipoteza nguzo yake. Bendi ya mtu mmoja ina hatari yake.

Kwa upande wa roki, mfano ulio karibu ni Sunburst ya Dar es Salaam. Miaka ya mwanzo ya sabini haikuwa rahisi kwa vijana wa aina hiyo: mwishoni mwa 1969 muziki wa soul ulikuwa umepigwa marufuku jijini. Sunburst waliunganisha gitaa la umeme na midundo ya Kiafrika, wakaimba Kiswahili na Kiingereza. Nchini hapakuwa na kiwanda cha sahani za santuri. Albamu yao, Ave Africa, waliirekodi Zambia mwaka 1976. Baadaye walitawanyika. Kazi yao ilitolewa upya Uingereza mwaka 2016, miaka arobaini imepita.

Basi, kabla ya kutuma fedha, mwulize mdogo wako maswali matatu. Gitaa hilo litakuwa lake au la kikundi? Mmoja akijitoa, atarudishiwa mchango wake? Nyimbo na jina la bendi vitaandikwa kwa nani? Wakae chini ya mwembe waandike majibu yao na kutia sahihi wote watano, wangali marafiki. Fedha za kiingilio zikianza kuingia, watakuwa wamechelewa.

Akikujibu vizuri, mtumie. Akikujibu kwamba hayo yataonekana mbele ya safari, mshauri waanze na ngoma na vibuyu vya wazee wao. Hivyo havihitaji jenereta, wala havigombaniwi.