Fahamu: Kwa nini mkato huamua mng'ao na bei ya almasi

Almasi mbili za karati 1, zenye rangi na usafi uleule, zinaweza kupishana sana bei. Mara nyingi kinachozitenganisha ni mkato, yaani uwiano wa upana, kina na pembe za nyuso zilizochongwa.

Mwanga hupita vipi?

Huingia kwa juu, hugonga nyuso za chini na kurudi kwenye jicho la anayetazama. Jiwe likiwa bapa mno au la kina mno, mwanga huvujia chini au pembeni. Lile la kina huonekana jeusi katikati. Lile bapa hufifia, hata likiwa safi kabisa.

Vipimo vilitoka wapi?

Mwaka 1919, Marcel Tolkowsky, wa ukoo wa wachonga almasi wa Ubelgiji, alichapisha hesabu za almasi ya duara: uso bapa wa juu uwe asilimia 53 ya upana wa jiwe, na nyuso za chini ziinamie nyuzi 40.75. Leo vipimo hivyo vimelegezwa kidogo.

Mbona si zote hukatwa vizuri?

Uzito ni pesa, na mkato mzuri hula jiwe. Almasi ya waridi ya Mwadui, Shinyanga, aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947, ilikuwa karati 54.5. Ilipochongwa zikabaki karati 23.6, na uzuri wake ulistahili hasara hiyo.

Ukinunua almasi ya duara, dai cheti chenye daraja la mkato, kisha itazame pia nje ya taa kali za dukani.