Kabla ya Kununua Kadi ya Picha, Pimeni Kwanza

Siku hizi vikundi vingi vinatumia kompyuta kuhariri video za harusi, matanga na harambee. Ni kazi nzuri. Lakini video ikianza kukwamakwama, vijana husema, "Tununue kadi ya picha." Hii ni kadi inayoisaidia kompyuta kutengeneza picha za kwenye skrini. Wazo si baya, ila kadi ni kama kiatu: dukani kinapendeza, mguuni kinakataa.

Sisi wenyewe tuliumia. Tulinunua kadi ya mitumba kwa kompyuta yetu ya ofisi. Tulipofungua kasha, kadi ilikuwa ndefu kuliko nafasi, na ilitaka waya wa stima ambao haukuwepo. Mwenye duka alikataa kuipokea tena. Pesa zikaenda hivyo.

Basi zimeni kompyuta, chomoeni waya wa stima, fungueni kasha na mwangalie mambo haya:

1. Pa kuchomekea. Kadi za sasa huingia katika nafasi ndefu iitwayo PCI Express x16. Kompyuta za zamani sana zina nafasi ya AGP, na kadi ya PCI Express haiwezi kuingia hapo. Kama yenu ni laptopu, kwa kawaida kadi haibadilishwi.

2. Ukubwa. Chukueni rula mpime urefu na kimo cha nafasi iliyopo. Kasha jembamba la ofisi hutaka kadi ya kimo kifupi. Tena kadi nyingi ni nene, hufunika nafasi mbili.

3. Stima. Hapa ndipo wengi huanguka. Nafasi ile hutoa wati 75 tu. Kadi inayozidi hapo hutaka waya wa ziada kutoka kile kisanduku cha stima ambacho mafundi huita pawa saplai. Waya wa pini 6 hutoa wati 75, wa pini 8 wati 150. Someni kibandiko cha pawa saplai mjue ina wati ngapi kwa jumla, na mwangalie kama waya hizo zipo. Jina la kadi pekee halitoshi. Kwa mfano, kuna GeForce GTX 1650 zisizohitaji waya wa ziada, na nyingine za jina hilo hilo hutaka pini 6.

4. Skrini. Skrini nyingi kuukuu hutumia waya wa VGA, lakini kadi mpya huwa na HDMI na DisplayPort. Kiunganishi huuzwa kando, kwa hivyo kiingizeni kwenye hesabu.

5. Draiva. Hii ni programu ya kuendesha kadi. Hakikisheni inapatikana kwa Windows mliyo nayo.

Halafu mjiulize: je, shida ni kadi kweli? Kompyuta yenye memori ya GB 4 na diski ya zamani inaweza kusaidika zaidi kwa kuongezewa memori na kuwekewa diski ya SSD.

Andikeni vipimo hivi vyote kwenye daftari la kikundi. Mkienda dukani, bebeni kompyuta yenyewe, kadi ijaribiwe mkiona. Mweka hazina asitoe pesa kabla risiti haijaandikwa kwamba kadi ikikataa itarudishwa. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.