Kibanda cha Lincoln na Ushahidi wa Magogo

Je, wajua kwamba kibanda cha magogo kinachotunzwa karibu na mji wa Hodgenville, Kentucky, kwa ukumbusho wa kuzaliwa kwa Abraham Lincoln, kina umri mdogo kuliko Lincoln mwenyewe? Yeye alizaliwa mwaka 1809. Wataalamu wa pete za miti walipoyapima magogo ya kibanda mwaka 2004, hata lile kongwe lilikuwa la mti uliokatwa mwaka 1848, Lincoln akiwa mtu mzima na mbunge. Tangu 1911 wageni walikuwa wakipanda ngazi 56, moja kwa kila mwaka wa uhai wake, waingie katika jumba la mawe na kukitazama kibanda hicho kwa heshima zote.

Kosa la kukidhania kuwa ndimo alimozaliwa lina historia yake. Kibanda kilibomolewa na kuzungushwa kwenye maonyesho, likiwemo la Nashville mwaka 1897, na baadaye kikapunguzwa ukubwa ili kienee ndani ya jumba. 

Pete husomwa hivi. Fundi huchagua gogo ambalo bado lina ukingo wa chini ya gamba, kwa sababu pete ya mwisho hapo ndiyo mwaka mti ulipokatwa. Hutoboa kwa keekee yenye tundu katikati, akatoa kijiti chembamba cha mti, akakisugua kwa msasa mpaka pete zionekane wazi chini ya darubini. Mwaka wa mvua nzuri huacha pete pana, mwaka wa ukame huacha pete nyembamba. Mfuatano huo hulinganishwa na wa miti ya eneo lilelile ambayo miaka yake inajulikana, hadi ulingane. Ukingo huo ukishachongwa wote, jibu hubaki la makadirio, na hapo mpimaji mwaminifu husema hivyo.

Pembe za nyumba nazo zina mengi ya kusema, na kwangu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Walowezi wengi wa milima ya Appalachia walichonga ncha ya gogo kwa shoka ili uso wake wa juu uteremke na ncha itanuke kidogo kuelekea nje. Gogo la juu lililala juu ya mteremko huo, uzito wa ukuta ukazifunga pembe bila msumari hata mmoja, na maji ya mvua yakatiririka nje badala ya kutuama na kuozesha mti. Nafasi kati ya magogo zilizibwa kwa vipande vya mti au mawe, kisha udongo. Hakuna msanifu aliyechora michoro. Mikono ilijua kazi kwa kurithi, na urithi huo ulivuka bahari: Waswidi na Wafini waliofika bonde la mto Delaware kuanzia 1638 walikuja na ujenzi wa magogo, ilhali Waingereza wa kwanza walizoea nyumba za fremu za mbao.

Majengo ya aina hii nayo yalikuja kuwekewa kumbukumbu: mwaka 1933, wasanifu wengi wakiwa hawana kazi kwa sababu ya Mdororo Mkuu wa uchumi, Charles Peterson wa Idara ya Hifadhi za Taifa alipendekeza walipwe kwa kupima na kuchora majengo ya kale ya Marekani, yakiwemo ya watu wa kawaida. Michoro hiyo imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge, na yeyote anaweza kuitazama.

Kazi bado ipo, kwani nyumba nyingi za magogo zilifunikwa kwa mbao zikasahaulika. Mpimaji mwenye uzoefu huanzia dirishani: hushika futi kamba na kupima unene wa ukuta. Ukizidi sana ule wa fremu ya kawaida, hutafuta ubao uliolegea ili achungulie nyuma yake.