Kinga isituache njiani na mavuno



Hapa Kilo, kinga njo lori letu. Njo inatoa maharagwe, mahindi na mihogo shambani mpaka sokoni. Ikivunjika katikati ya njia, mavuno yanalowa mvua, soko linafungwa, na usiku unamukuta muntu barabarani. Katika Djugu ya leo, wote tunajua hatari yake.

Tununue kinga gani?

Kinga za vitesi zinapendeza macho, lakini nyingi za bei ndogo zilitengenezwa kubeba muntu, si magunia. Kile chuma cha nyuma kinachohamisha cheni kinajipinda kinga ikianguka na muzigo. Kikiingia kwenye spoki, gurudumu lote linaharibika. Breki zinazobana rimu nazo zinachanganya tope na muchanga, na rimu inalika polepole mpaka inapasuka.

Kinga nzito ya chuma, bila vitesi, ina vitu vichache vya kuvunjika. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanza 2005, lilifuata njia hiyo: kinga yao ya Buffalo ina karie ya kubeba kilo 100, na breki yake iko ndani ya gurudumu la nyuma, mbali na tope. Ila breki hiyo inafunga kwa kukanyaga pedeli kinyume. Wewe unayesukuma kwa miguu kwenye muteremko, hakikisha kinga ina breki ya mukono pia.

Tuangalie nini kila juma?

*Spoki.* Za nyuma, hasa upande wa cheni, njo zinakatika kwanza. Gonga moja moja: ile yenye sauti ya chini kuliko wenzake imelegea. Ikikatika moja, badilisha upesi, sababu muzigo wake unabebwa na zingine.

*Cheni.* Futa tope, tia mafuta kidogo, kisha pangusa ya juu. Mafuta mengi yanakamata muchanga. Pima vipande 24, kutoka pini mpaka pini: cheni mpya ni milimeta 305. Ikifika 308, toa, la sivyo itakula meno pia.

*Pedeli.* Ya kushoto inakazwa kinyume, kuelekea kushoto. Wengi wanailazimisha kuelekea kulia, halafu mukono wa pedeli unaharibika.

*Muzigo.* Weka chini, sawasawa pande zote mbili. Usirundike yote nyuma.

Sanduku la spea

Muntu mumoja hawezi kuweka kila spea nyumbani. Koperative inaweza. Kila mwanachama atoe muchango kidogo wakati wa mavuno. Tununue spoki, chemba, cheni, viraka, nyaya na mipira ya breki. Kila kinachotoka kiandikwe kwenye daftari, na anayechukua arudishe bei yake. Tuchague pia vijana wawili, musichana na kijana, wajifunze kwa fundi wa karibu.

Tunaomba kila koperative izungumuze jambo hili katika mukutano unaokuja, mbele ya mavuno kuanza.